Jioni, asubuhi au mchana: hafla ipi ya kujuana kikazi inawabakisha wanawake ukumbini?

Anayeandaa hafla ya kujuana kikazi Dar es Salaam huanza na ukumbi, akaenda kwa mdhamini, akamalizia na mgeni rasmi. Saa huwekwa mwishoni, tena bila mjadala: saa 12 jioni, watu wakitoka kazini. Kesho yake kamati inatazama picha zilizojaa suti na tai, inakumbuka mialiko mingapi ilikwenda kwa wanawake, na mtu anasema, "Tuliwaalika, hawakuja."

Baadhi yao walikuja. Walifika saa 12 na robo, wakawakuta mafundi wa sauti bado wanafunga nyaya, wakakaa saa nzima na chupa ya maji, na hotuba ya kwanza ilipoanza walikuwa wanatazama simu kuona kama teksi imefika getini.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauhesabu waliojiandikisha. Unauliza mambo matatu. Je, mwanamke anayefanya kazi anaweza kufika? Anaweza kubaki mpaka mazungumzo yanapokolea? Na akiondoka, amebeba majina mangapi ya watu ambao asubuhi hakuwajua? Mifano ni ya Dar, kwa sababu saa, foleni na swala vina mahali pake. Wa Nairobi, Mombasa au Mwanza atabadilisha majina ya barabara, mengi mengine yatabaki yalivyo.

| | Jioni ya vinywaji | Kifungua kinywa | Chakula cha mchana | Jumamosi asubuhi |
|---|---|---|---|---|
| Saa | 12:00 jioni – 3:00 usiku | 1:00 – 2:30 asubuhi | 7:00 – 8:30 mchana | 4:00 – 6:30 mchana |
| Anayebaki nje | mwenye watoto wadogo, anayeishi mbali, asiyekaa penye pombe | anayepeleka watoto shule, muuguzi, mwalimu | asiyepewa ruhusa na mwajiri | mwenye duka, mwenye shughuli za ukoo |
| Kinachoharibika | kuchelewa kuanza | wageni kufika wakiwa wamechoka | muda kuliwa na foleni ya chakula | wakubwa kutotokea |
| Inafaa zaidi | kusherehekea na kushukuru wadhamini | viongozi wachache, watu 12 hadi 20 | watu 25 hadi 40 wasiojuana | wanaojiajiri na wanaoanza kazi |

Jioni ya vinywaji

Tuseme haki yake kwanza. Jioni hakuna anayekimbilia ofisini, wakurugenzi hupatikana, na kampuni za vinywaji hudhamini kwa moyo mmoja. Na mambo yenye uzito husemwa baada ya saa 2 usiku, maiki ikiwa imezimwa: "Nitumie CV ya huyo," au "Ile tenda inatoka mwezi ujao, jiandaeni." Mwenye njaa ya kazi anapaswa kuwapo saa hiyo. Sasa piga hesabu nani anaweza kuwapo.

Mtu ametoka kazini Posta, katikati ya jiji, saa 11 jioni, ukumbi uko Masaki, nyumba iko Mbezi Mwisho au Chanika, pembezoni mwa jiji. Hafla ikiisha saa 3, anafika kwake saa 4 usiku au zaidi. Dada wa kazi anayekuja na kuondoka hawezi kumsubiri mpaka saa hiyo. Bodaboda usiku ana sababu za kuikwepa, na teksi ya mtandaoni kwa umbali huo huenda ikazidi kiingilio. Mwanaume wa mtaa huohuo ana umbali uleule, lakini mara nyingi nyumbani kwake yupo mtu ambaye ameshawaogesha watoto na kuwalisha.

Kisha swala ya magharibi. Dar es Salaam huingia takriban kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni, kutegemea mwezi, yaani katikati kabisa ya ufunguzi. Anayeswali akikosa pa kuswalia anaondoka, na akishatoka getini hawezi kuingia tena kwenye foleni ya Daraja la Selander kurudi.

Pombe ina tatizo lake ambalo kamati hulichukulia kama suala la dini tu. Hata mwanamke anayekunywa hupima mara mbili kama atashika glasi mbele ya watu wa ofisini kwake, kwa sababu glasi yake hujadiliwa kesho yake na ya mwenzake wa kiume haijadiliwi. Asiyekunywa naye anapewa soda ya chupa na mrija, anaonekana kama mtoto kwenye harusi. Dawa ni rahisi: madafu, ukwaju au tangawizi baridi viletwe katika glasi zilezile, kwenye sinia zilezile, na vipite kwanza.

Ukilazimika kubaki na jioni, isogeze. Anza saa 10:30, kwa ruhusa ya mwajiri, maliza saa 12:30, na weka sehemu ya kujuana ndani ya dakika 45 za mwanzo, kabla ya hotuba. Mgeni rasmi akichelewa, zamu za kujuana zianze bila yeye. Yeye ndiye chanzo kikubwa cha ucheleweshaji na ndiye anayeogopwa kuambiwa. Kila dakika ya kuchelewa hukatwa kwa yule mwenye saa ya kurudi nyumbani, kamwe haikatwi kwa anayeweza kukaa mpaka usiku. Mdhamini anayetaka bango lake lionekane mwambie alipie kosta mbili badala ya maua: moja Barabara ya Morogoro mpaka Mbezi, nyingine Barabara ya Bagamoyo mpaka Tegeta, zinaondoka saa 12:45 kamili, na njia zake zimeandikwa kwenye mwaliko. Zikiandikwa ukumbini siku yenyewe hazina faida, maana aliyezihitaji hakuja.

Kifungua kinywa

Hii husifiwa sana na waliosoma ushauri wa nje, na kweli ina mazuri yake: hakuna pombe, safari ya kurudi ni mchana, na inaisha kwa wakati kwa sababu kila mtu ana ofisi. Lakini asubuhi ya Dar ni ya mama kuliko ya mtu mwingine. Basi la shule linapiga honi alfajiri, kuna sare ya kupiga pasi, na dada asiyelala hapo anafika saa 1. Wa Kigamboni au Kibaha akitakiwa Posta saa 1 asubuhi, anaondoka nyumbani giza lingalipo. Muuguzi yuko kwenye kukabidhiana zamu. Mwalimu yuko mstarini na wanafunzi.

Inafaa kwa meza moja au mbili za viongozi wenye watoto wakubwa. Ukitaka kuipanua, iwe saa 2:30 hadi 4:00 asubuhi na mwajiri aombwe kwa barua. Chakula kiwe cha kushika kwa mkono mmoja: maandazi, vitumbua, matunda yaliyokatwa. Supu ya ng'ombe ni tamu, lakini haiwezekani kuinywa huku ukimpa mtu kadi.

Chakula cha mchana

Hili ndilo chaguo letu la kwanza kwa hafla mchanganyiko ya watu wasiojuana, na sababu ni ya kawaida tu. Mchana mtu tayari yuko mjini, watoto wako shule au wana mwangalizi, na hakuna anayehitaji kumweleza yeyote nyumbani alikuwa wapi. Adhuhuri inakuwa imeingia kabla ya saa 7, hivyo anayeswali anaweza kuswali kisha akaja, mradi chumba cha kuswalia kiwe wazi kuanzia saa 6:30.

Masharti yake ni magumu. Ukumbi uwe wa kutembea kwa miguu kutoka ofisi nyingi: Posta na Upanga mwezi huu, Mwenge mwezi ujao, kuliko hoteli nzuri ya ufukweni ambayo kila mtu ataifikia kwa gari. Isiwe Ijumaa. Katika Ramadhani haifai kabisa, na msiibadilishe haraka kuwa futari ya hotelini mkidhani mmetatua. Wakati wa futari ndio wakati ambao wanawake wengi wana sufuria jikoni kwao. Mwezi huo acheni.

Bufee ya upande mmoja itakula dakika zote. Chakula kiwe kimepangwa mezani kabla ya saa 7, watu wakae na kula kwa dakika 25, sahani ziondolewe, kisha kazi ianze. Na mwajiri apewe sababu ya kumwachia mtu wake: vyama vya taaluma vinavyohesabu saa za mafunzo endelevu viombwe kuihesabu hafla hiyo, kwa kuweka mada fupi ya dakika 15 watu wakiwa wanakula. Msimamizi anayenuna akisikia "hafla" huwa hana neno akisikia "saa za mafunzo".

Jumamosi tuimalize haraka. Ni nzuri kwa wanaojiajiri na wanaoanza, hasa pakiwa na chumba cha watoto chenye walezi wawili au zaidi, daftari la kuandika aliyemleta na atakayemchukua, na mlango unaofungwa kwa juu. Ila usitegemee wakurugenzi. Wako misibani, harusini na shambani.

Kusimama na glasi au kukaa kwa zamu

Saa ikishachaguliwa, linabaki swali ambalo kamati nyingi halizipiti hata akilini: watu wakishaingia, nani anaongea na nani? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha mwaka 2007 utafiti wa hafla moja ya wafanyabiashara karibu 100 waliovaa vifaa vya kielektroniki vilivyorekodi nani kakutana na nani. Wengi walikuwa wamesema kabla kwamba wanakuja kukutana na watu wapya. Wakaishia zaidi na waliokwisha kuwajua.

Katika ukumbi ambao wanaume ndio wengi na wanajuana tangu chuo, "changanyikeni jamani" maana yake ni duara za migongo. Mwanamke anayeingia katika duara la wanaume sita wanaoongelea Simba na Yanga ana chaguo mbili, kucheka pembeni au kuhamia kwa wanawake wenzake karibu na mlango. Hivyo hafla ya kusimama hushindwa hata ikiwa imewekwa mchana.

Zamu za mezani zinaondoa kazi ya kujipenyeza. Huu hapa mpangilio wa watu 36, meza 6 za watu 6, zamu 3, ambao hakuna watu wawili wanaokutana mara mbili:

Kila mtu anapewa kadi yenye namba mbili, kila moja kati ya 1 na 6, na hakuna kadi mbili zinazofanana. Zamu ya kwanza anakaa meza ya namba ya kwanza. Zamu ya pili anakwenda meza ya namba ya pili. Zamu ya tatu anajumlisha namba zote mbili, na jumla ikizidi 6 anatoa 6. Mwenye kadi 4-5 ataanza meza ya 4, ataenda ya 5, kisha 4 na 5 ni 9, toa 6, meza ya 3. Kila mmoja atakuwa ameketi na watu wapya 15.

Sasa sehemu inayohusu wanawake. Ukizigawa kadi kiholela, utapata meza yenye mwanamke mmoja, na wa peke yake hugeuka katibu wa meza au msemaji wa wanawake wote. Wakiwa 12 kati ya 36, wape kadi hizi: 1-1, 1-2, 2-2, 2-3, 3-3, 3-4, 4-4, 4-5, 5-5, 5-6, 6-6 na 6-1. Kila meza, katika kila zamu, itakuwa na wanawake wawili kamili. Jaribu kwa kalamu kabla ya siku yenyewe, utaona. Wakiwa zaidi ya 12, waliobaki wape kadi yoyote, na hakuna meza itakayoshuka chini ya wawili. Na 12 kati ya 36 ni theluthi moja, kiasi kilekile ambacho Katiba ya Kenya ya 2010 inakiweka kuwa cha chini kwa jinsia yoyote katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, hivyo usikitangaze kama ukarimu.

Zamu moja ni dakika 20: dakika 3 kwa kila mtu, 2 za kuhama. Dakika 3 zigawe hivi: moja ya jina na kazi, moja ya "ninachotafuta", moja ya "ninachoweza kusaidia". Hiyo ya tatu usiiruke. Bila hiyo, wageni wanaoanza kazi hujikuta wakiomba tu na wakubwa wakisikiliza tu, na mwanamke mwenye miaka 15 ya ukaguzi wa hesabu anaondoka bila mtu kujua anajua nini.

Zamu ya nne usiijaribu kwa watu 36. Wataalamu wa hesabu waliuchunguza mpangilio wa 6 kwa 6 tangu zama za Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, na mwaka 1901 Gaston Tarry akathibitisha kwamba mpangilio unaohitajika kwa zamu ya nne haupo. Lazima baadhi ya watu wakutane tena. Ukitaka zamu nyingi, tumia meza 5 za watu 5.

Yanayoharibika: watu watatu hawakutokea. Acha viti vyao wazi, usisogeze mtu, maana ukisogeza mmoja kadi zote zinavurugika. Anayechelewa anapewa kadi ya asiyefika. Ila zile 12 za wanawake ziwekwe bahasha yake, la sivyo msichana wa mapokezi atazigawa kwa yeyote aliyetangulia, na hilo hutokea. Jambo jingine ni kengele. Iwe kengele ya kweli au ngoma, kwa sababu sauti ya mtu haisikiki mbele ya meza sita zilizochangamka, na bila kengele mkubwa mmoja atachukua dakika 11.

Wanawake peke yao, au mchanganyiko?

Hapa watu hugombana, na pande zote zina hoja. Mkutano wa wanawake pekee unatoa mambo ambayo hayasemwi kwingine: kiwango cha mshahara, bosi gani wa kujihadhari naye, namna ya kudai likizo ya uzazi ya siku 84 ambayo sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inaitoa kwa malipo, au zile saa mbili za kunyonyesha kwa siku ambazo sheria hiyohiyo inazitaja na waajiri wengi huzisahau. Vyama kama TAMWA cha wanahabari wanawake, kilichoanzishwa 1987, na TWCC cha wafanyabiashara wanawake, cha 2005, vimejengwa juu ya faida hiyo.

Upungufu wake ni kwamba katika fani kama ujenzi, madini au bandari, wanaosaini ajira na tenda wengi hawamo chumbani. Chama chenye hafla moja ya wanawake pekee kila Machi 8, vitenge vya sare na keki, kisha miezi 11 ya majopo ya wanaume, kimewapa wanawake sherehe tu.

Njia tunayoipendekeza ni saa moja kabla. Hafla mchanganyiko ni saa 7 mchana. Wanawake wanaalikwa saa 6, chumba kingine, wakae kwa zamu mbili fupi. Saa 7 ikifika kila mmoja anaingia ukumbi mkubwa akiwa anawajua wenzake kadhaa, na anaweza kumwambia mtu, "Subiri nikukutanishe na mhandisi mmoja." Anayetambulisha watu huonekana mwenyeji, hata kama amefika mara ya kwanza. Gharama ni chai na chumba. Hasara yake ipo: wanahitaji ruhusa ya saa moja zaidi kazini, basi liandikwe kwenye barua ileile.

Na tiketi ya "wanawake bure"? Hapana. Hiyo ni lugha ya klabu ya usiku. Anayeshindwa kulipa ni kijana anayeanza kazi au mama aliyejiajiri, kwa hiyo punguza kwa wanaoanza na wanaojiajiri, wa jinsia zote, na fedha ya mdhamini iende kwa mlezi wa watoto na usafiri.

Mashindano ya gofu tutayataja tu kwa sababu kampuni zinayapenda. Mashimo 18 huchukua saa nne na zaidi ukiwa na watu wale wale watatu. Uhusiano unaotoka hapo ni imara sana, kwa wale ambao tayari wana fimbo, uanachama na Jumamosi isiyo na kazi za nyumbani. Usiyaite hafla ya wanachama wote. Zoom nayo ni nzuri kwa wa Kigoma na Mtwara na kwa kufuatilia baada ya hafla. Kwa kujuana mara ya kwanza ni dhaifu, hasa saa 2 usiku, ambapo mwenye watoto anazima kamera na maiki na kugeuka jina lililoandikwa kwenye kisanduku cheusi.

Jukwaa, maiki na maswali

Maiki ya kubana kwenye koti imetengenezwa kwa mtu mwenye kola na mkanda. Gauni halina pa kuning'iniza kile kisanduku, na kikibanwa mgongoni kwenye zipu huvuta shingo ya nguo nyuma mbele ya watu 200. Kwenye hijabu, maiki ikikaa chini ya kitambaa inakwaruza kila anapogeuza kichwa. Uwe na maiki mbili za kushika mkononi, mwulize kila mzungumzaji siku moja kabla, na uishie hapo. Viti virefu vya baa navyo viondolewe jukwaani. Mwenye sketi anatumia mjadala mzima kushikilia magoti badala ya kufikiri.

Beji ya pini hutoboa hariri. Tumia kamba ya shingoni, jina lisomeke kutoka mita 2, na chini yake kazi anayofanya. Pasiwe na "Bi." kwa huyu na "Mhandisi" kwa yule mwenye shahada ileile. Hilo litoke pia mdomoni mwa mshereheshaji. Mpe karatasi yenye cheo cha kila mzungumzaji na mwambie waziwazi: anayemwita mwanaume "Daktari" asimwite mwenzake "dada yetu mrembo". Mapokezi yawe na vijana wa kiume na wa kike, maana safu ya wasichana waliovaa sare mlangoni humfundisha kila anayeingia wanawake wako pale kufanya nini.

Kwa maswali kuna ushahidi mzuri. Utafiti uliochapishwa 2018, uliofuatilia semina 247 za vyuo katika nchi 10, uligundua kwamba mwanamke alikuwa na uwezekano mdogo mara mbili na nusu wa kuuliza swali kuliko mwanaume aliyekaa naye ukumbini, na pengo lilikuwa kubwa zaidi pale swali la kwanza lilipoulizwa na mwanaume. Mwongoza mjadala afanye hivi: atoe dakika 2 watu wajadiliane na jirani, kisha swali la kwanza amkaribishe mwanamke. Muda wa maswali usikatwe kufidia mgeni rasmi aliyechelewa.

Chumba cha kunyonyeshea au kukamua maziwa si choo. Kinahitaji mlango wenye komeo, kiti chenye mgongo, meza ndogo, soketi moja na maji karibu. Stoo iliyosafishwa inatosha. Kenya imelidai hili makazini katika Sheria ya Afya ya 2017, kwa hiyo hoteli za Nairobi zisikushangae ukiuliza. Ulizia kabla ya kulipa amana.

Namba za simu

Hapa hafla nyingi nzuri hubomoka siku ya pili. Mratibu anaweka wageni wote kwenye kundi la WhatsApp, na saa 5 usiku mwanamke anapokea "mambo mrembo, nilikuona pale". Mara inayofuata haji, na hasemi kwa nini.

Fomu ya kujiandikisha iwe na visanduku viwili tofauti, kimoja cha kukubali jina na barua pepe viwe kwenye orodha ya wageni, kingine cha namba ya simu, vyote vikiwa wazi mpaka mtu mwenyewe aviwekee alama. Kumpa mdhamini orodha bila ridhaa ni jambo linalogusa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, Tanzania ya mwaka 2022 na Kenya ya 2019. Picha zipate utaratibu huohuo: kamba ya beji ya rangi nyingine kwa asiyetaka kupigwa. Na mwaliko utaje kwa cheo watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja akiwa mwanamke, wenye mamlaka ya kumtoa mgeni ukumbini hata akiwa mdhamini. Kamati isiyo tayari kwa hilo la mwisho isiandike kanuni.

Basi uchague ipi

Ukiwa na bajeti ya hafla moja kwa mwaka: chakula cha mchana, Jumanne hadi Alhamisi, watu 36, zamu tatu, na saa ya wanawake kabla yake. Ukiwa na nne, tatu ziwe hizo na moja Jumamosi asubuhi yenye chumba cha watoto. Mdhamini akishikilia jioni, mpe hafla ya kufunga mwaka, ianze saa 10:30 na kosta ziwe nje. Meza ya kifungua kinywa ibaki kwa bodi.

Mialiko itumwe kwa majina. Barua ya "Mkurugenzi, tuma wawakilishi wawili" huishia kwa rafiki wa mkurugenzi. Ikibidi iandikwe kwa ofisi, iombe mwanamke mmoja na mwanaume mmoja.

Mlangoni weka mtu mmoja mwenye karatasi ya safu tatu: walioalikwa, waliofika, waliokuwapo dakika 10 kabla ya mwisho, kila safu ikitenganisha wanawake na wanaume. Wakiwa wengi kwenye mialiko na wachache kwenye waliofika, kosa liko kwenye saa au mahali. Wakifika wengi na kupungua kabla ya mwisho, tazama ratiba ilichelewa dakika ngapi. Wakibaki mpaka mwisho, wapigie baada ya wiki mbili uulize wamewasiliana na wangapi kati ya wale 15. Jibu likiwa sifuri, angalia kama kengele ililia.